Mafundo Ishirini na Matatu ya Mheshimiwa

Kama kuna nywele zilizowahi kumshinda Vidole, basi mwenye kichwa hicho hajazaliwa. Hivyo ndivyo alivyojisifu mwenyewe, na wateja wakaitikia, maana nani atabishana na msusi wakati kichwa chake kimebanwa katikati ya magoti ya msusi huyo? Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akisuka katika chumba cha mbele cha nyumba yake: viti vitatu, kioo chenye ufa pembeni, na beseni la kuoshea. Walimletea nywele zilizosahauliwa ndani ya rasta miezi minane, nywele zilizoshikana mpaka zikawa kofia, nywele ambazo wasusi wengine walizitazama wakasema, "Dada, hapa ni kunyoa tu." Yeye aliguna, akakunja mikono ya blauzi, akasema maneno yaleyale ya kila siku: "Maji kwanza. Mengine baadaye." Maji ya vuguvugu, mafuta ya kulainisha, kisha vidole. Jina lake halisi hata mumewe alilitumia siku za ugomvi tu.

Sasa mtu akisifiwa sana kichwa humvimba, na cha Vidole kilivimba vizuri tu. Sikilizeni yaliyompata.

Mama mkwe wake alikuwa amehamia kwao miezi mitatu kabla ya hayo, baada ya kufiwa na mumewe. Alikuja na masanduku mawili na paka. Na si paka hawa wa kuvizia mapipa ya taka, la hasha. Huyu alikuwa na manyoya marefu ya kijivu, shingo imemjaa kola kama ya jaji, umri miaka kumi na miwili, na mwendo wa mtu anayekagua gwaride. Marehemu baba mkwe ndiye aliyemlea tangu anaenea kiganjani, na ndiye aliyempa jina la Mheshimiwa. Kila jioni mzee alikaa naye akamchana. Mzee alipoondoka, kazi ikamwangukia mjane wake, na mjane mwenyewe viungo vya vidole vilikuwa vimemvimba, hata kufunga kifungo cha gauni ilikuwa shughuli. Hakumwambia mtu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, shingo juu, asiyeomba hata apitishiwe chumvi mezani. Huyo ndiye aombe kuchaniwa paka? Thubutu!

Basi manyoya yakaanza kushikana. Yalianzia nyuma ya masikio, yakashuka tumboni, yakaingia mapajani, mpaka Mheshimiwa akawa na madonge mwili mzima, na ukimgusa anakutolea meno. Vidole alisema mara mbili, "Mama, nipe nikusaidie." Mara mbili alijibiwa, "Asante, binti. Hajambo huyu."

Binti! Miaka kumi na mmoja ya ndoa, na bado anaitwa binti kama mpangaji wa chumba cha uani. Hilo lilimuuma Vidole, tuseme ukweli. Alitamani siku moja tu mama yule amtazame usoni aseme, hapa umefanya vizuri.

Jumamosi moja mumewe akampeleka mama hospitali kuonwa hivyo viungo. Vidole akabaki na paka, nyumba kimya, hakuna mteja. Akamwangalia Mheshimiwa. Mheshimiwa naye akamwangalia. "Leo mama akirudi," Vidole akasema, "atamkuta paka mpya." Na unajua alichofanya? Alifanya kile ambacho angekifanya kwa kichwa chochote duniani. Maji kwanza.

Alimwosha. Mikwaruzo aliyoipata mikononi tuiache, ilikuwa haki yake. Alimwosha kwa maji ya vuguvugu, akamkausha kwa taulo, akamwacha juani karibu na dirisha huku akijipiga kifua. Halafu manyoya yakaanza kukauka. Na kadiri yalivyokauka, ndivyo madonge yalivyokazana. Yale yaliyokuwa malegevu yakabana. Yale yaliyokuwa mawili yakaungana yakawa moja. Ikafika saa saba mchana, Mheshimiwa ubavuni amekuwa mgumu kama zulia la kufutia miguu, ngozi imevutwa, na akitembea mguu wa mbele wa kushoto haunyooki. Akajikunja chini ya kiti, akalia sauti moja nyembamba.

Mafuta? Chanuo? Alipoligusa donge moja tu paka akapiga ukelele. Miaka kumi na tisa, nakuambia, na kwa mara ya kwanza mikono yake haikujua iende wapi.

Mlango ukafunguka. Mama mkwe akaingia, akamtazama paka, akamtazama yeye.

"Amefanya nini huyu?"

Hapo Vidole angeweza kudanganya. Angeweza kusema paka aliangukia ndoo, na uongo huo ulikuwa umeshafika kwenye ncha ya ulimi, umevaa viatu kabisa.

"Ni mimi, mama. Nimemwosha. Nilidhani ni kama nywele."

Mama akaweka mkoba chini. Aliinama kwa taabu, akamchukua paka wake kwa viganja bila kuvikunja vidole, akaingia chumbani akafunga mlango. Afadhali angetukana.

Jumatatu wakaenda kliniki ya wanyama, wao wawili na wifi yake Vidole. Wifi huyu ni dada mkubwa wa mumewe, mwanamke mwenye gari dogo na mdomo mkubwa, na njia nzima alikuwa akisema, "Wifi, wewe nawe! Paka unamfua kama shuka?"

Daktari wa mifugo alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Alimpapasa Mheshimiwa, akahesabu kwa sauti ya chini. Ishirini na matatu.

"Nywele za mtu ukizilowesha zinateleza," akasema. "Haya manyoya ya ndani ni kama sufu. Yakiwa yameshikana ukayatia maji, yanajisokota na kukaza. Hapa ni kunyoa mwili mzima. Na hawezi kunyolewa akiwa macho, atajeruhiwa. Ni lazima sindano ya usingizi."

Kisha akaweka chombo chake kifuani mwa paka, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Moyo wake una mlio nisioupenda. Kwa umri huu, na moyo huu, siwezi kuwaahidi kwamba ataamka."

Wifi akanyamaza, na hilo peke yake lilikuwa habari. Mama mkwe alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Nitampa dawa ya moyo kwanza," daktari akaendelea. "Mleteni Ijumaa ya wiki ijayo, saa tatu asubuhi. Zaidi ya hapo siwezi kusubiri, ngozi chini ya madonge itaoza. Msitumie mkasi nyumbani, ngozi ya paka ni nyembamba, mtaikata bila kujua. Na maji, jamani, basi."

"Na yakitoka kwa mkono?" Vidole akauliza.

"Yote?" Daktari akatabasamu, tabasamu la huruma. "Yakitoka yote, sindano ya nini? Lakini dada, sijawahi kumwona mtu aliyeyamaliza."

Loo! Kumwambia hivyo Vidole ni sawa na kumwonyesha fahali kitambaa chekundu... hapana, fahali ana subira. Lakini safari hii haikuwa sifa iliyomchoma. Ilikuwa ile sauti nyembamba chini ya kiti. Paka akifia mezani, atakuwa amemuua yeye, na mama yule atakaa chumba cha nyuma miaka yote iliyobaki akimwita binti kwa adabu, na wote wawili watajua.

Jioni ile alibisha hodi chumbani kwa mama mkwe. Hakuketi kwenye kiti, alikaa sakafuni.

"Mama, najua sistahili. Niruhusu nijaribu. Nimempigia daktari simu, amenieleza namna. Hakuna maji, hakuna mkasi."

Mama akamsogeza paka mapajani. "Nitamshika mimi," akasema mwishoni. "Na akilia mara moja, unaacha. Hata kama umebakiza unywele mmoja. Unaacha."

"Nitaacha."

Na hilo, wapendwa, ndilo lililokuwa gumu. Mteja wa Vidole akilia husikia, "Vumilia mama, urembo kazi," kisha mambo yanaendelea. Hapa mwenye kuamua ni paka. Vidole alichukua wanga, ule unga mweupe mlaini wa kutia uzito kwenye mchuzi, akaupaka kwenye donge la kwanza, la pajani, ili manyoya yateleze makavu. Akalibana shina la donge kwa vidole vya mkono wa kushoto, karibu kabisa na ngozi, ili mvuto uishie vidoleni mwake na usimfikie paka. Halafu kwa ncha ya chuma ya chanuo akaanza kulipasua kutoka nje, si kwa kulichana, bali kwa kulitenganisha, nyuzi mbili, nyuzi tatu, kama mtu anayefumua sweta bila kutaka lijue. Dakika nne. Mheshimiwa akalia. Akaacha.

Siku ya kwanza, kwa vikao sita, alifungua nusu ya donge moja. Nusu! Msusi mzima! Alirudi saluni akamwangalia mteja aliyekuwa akimsubiri kana kwamba ndiye mwenye makosa.

Siku ya pili akamaliza hilo moja. Aliliweka mkononi, kipamba cha kijivu, akampelekea mama kama mtoto anayepeleka daftari lenye alama nzuri. Mama akakitazama. "Yapo ishirini na mawili," akasema. Lakini alisema kwa sauti isiyo na baridi ile.

Ndipo mama akaanza kumfundisha. Yeye mikono ilikuwa imemkataa, lakini macho na masikio alibaki nayo, na miaka kumi na miwili ya kumsikiliza mnyama huyo si mchezo. "Ncha ya mkia inatikisika, punguza." "Sikio limelala, toa mkono." "Sasa anakoroma, endelea, endelea." Kumbe paka husema mapema sana kabla ya kulia, na Vidole, aliyezoea kuwasemesha wateja bila kuwasikiliza, akajifunza kunyamaza. Dakika nne zikawa kumi. Kumi zikawa ishirini. Jumapili walikuwa wamefungua saba. Jumanne, kumi na tatu. Asubuhi aliwafungia wateja mlango. Wakagonga, wakalalamika, wakamwita mwenye maringo. Aliwajibu kupitia dirishani, "Nina mheshimiwa ndani," na hakusema uongo.

Wifi alikuja Jumatano kuchungulia. Akasimama mlangoni na mkasi mpya ndani ya mkoba, ati tahadhari.

"Wifi, kwa mwendo huu utamaliza paka akiwa babu wa mababu."

"Yapo manane tu, wifi."

"Manane si moja! Na keshokutwa ndiyo Ijumaa. Mama, hebu tukate haya ya tumboni haraka haraka..."

"Weka mkasi," mama akasema bila kuinua macho.

Wifi akauweka. Akakaa kitandani, na baada ya muda akaanza kulia taratibu, maana paka yule alikuwa wa baba yake, na mdomo mkubwa nao una moyo nyuma yake. Vidole akampa bakuli la wanga ashike. Toka hapo walikuwa watatu.

Alhamisi jioni mgongo ulikuwa unamwaka moto Vidole, na ncha za vidole vyake zimechubuka. Tumbo lilikuwa safi. Mapaja safi. Nyuma ya masikio unaweza kupitisha kalamu. Limebaki donge moja: la kwapa la kushoto, baba lao, gumu kama kokwa, lile lililouzuia mguu usinyooke. Mheshimiwa hakutaka habari. Kila mkono ukisogea aliubana mguu kifuani kama mtu anayeficha pochi. Walijaribu mara kumi. Mara kumi akalia, na mara kumi Vidole akaacha.

"Hata hilo moja ni sindano?" wifi akauliza.

Mama akampigia daktari simu. Ni sindano, daktari akasema. Mahali pabaya pale, mshipa uko karibu, hawezi kupitisha mashine ya kunyolea paka akiwa macho. Muda wa usingizi utakuwa mfupi, lakini moyo ni uleule.

Ijumaa saa tatu kasorobo walikuwa wameketi kwenye benchi la kliniki. Mama alikuwa na Mheshimiwa mapajani, amegoma kumtia kwenye kikapu. Vidole alikuwa amevaa gauni la kutokea, lakini mfukoni, kwa kukataa tu kushindwa, alikuwa na chanuo na kifuko cha wanga.

Mlango ukafunguka, akaingia bwana mmoja mnene amevutwa na mbwa mkubwa kuliko kiti. Mbwa akamwona Mheshimiwa, akabweka mara moja, sauti iliyotikisa vioo.

Mheshimiwa akapanda. Miaka kumi na miwili na moyo wenye mlio, akampanda mama begani kama anapanda ukuta, akaning'iniza mguu wa kulia mgongoni kwa mama, na ule wa kushoto, ule aliouficha siku kumi na moja, akaunyoosha mbele wote kumtunishia mbwa kucha. Kwapa wazi kabisa!

Mama ndiye aliyeona kwanza. "Sasa," akasema. "Mwanangu, sasa!"

Vidole alikuwa ameshapiga magoti. Wanga ukamwagika, nusu kwenye donge, nusu usoni kwake. Akabana shina. Akaingiza ncha ya chanuo.

"Wewe bwana, usimtoe mbwa!" wifi akafoka. "Mwache hapo hapo abweke!"

"Mimi nilitaka kumtoa nje..."

"Nimesema akae!"

Bwana akakaa. Mbwa akabweka. Mheshimiwa akanguruma, lakini ngurumo yote ilikwenda kwa mbwa. Mkono uliokuwa kwapani kwake hakuwa hata na habari nao. Nyuzi mbili. Nyuzi tatu. Donge likapasuka katikati. Mama alikuwa akinong'ona, "Sikio limesimama, endelea. Mkia umetulia, endelea."

Nesi akachungulia na karatasi mkononi. "Mheshimiwa!" akaita. Watu wote bencheni wakageuka kutafuta mkubwa gani ameingia.

"Subiri!" wakasema wanawake watatu kwa pamoja.

"Mheshimiwa, saa tatu imefika..."

"Dada, subiri kidogo!"

Robo ya donge. Nyuzi kumi. Nyuzi tano. Kisha kitu kikalegea, kikamjia mkononi chenyewe, kipamba cha mwisho, na Mheshimiwa, bila kumwondolea mbwa macho, akanyoosha mguu wake wa kushoto mpaka vidole vyake vikatanuka.

Ndani, daktari hakuamini. Alimlaza paka mezani, akachukua chanuo lake la chuma lenye meno membamba, akalipitisha kutoka shingoni hadi mkiani. Likapita. Akapitisha tumboni. Likapita. Mapajani, nyuma ya masikio, kwapa la kulia, kwapa la kushoto. Lilipita kama linapita hewani. Sindano ilikuwa imeshaandaliwa kwenye trei pembeni. Akaichukua, akaitupa kwenye ndoo ya taka.

"Miaka sita niko kazini," akasema. Akatikisa kichwa. Hakumaliza.

Wifi alikuwa anapiga makofi na kulia kwa wakati mmoja. Vidole yeye alikuwa ameegemea ukuta, anacheka kama mtu aliyerukwa na akili. Alikuwa ameshinda! Ishirini na matatu kwa ishirini na matatu!

Wakatoka. Chumba cha kusubiri kilikuwa kimejaa sasa: yule bwana na mbwa wake, mama mwenye sungura, wazee wawili na kasuku. Vidole alielekea mlangoni, lakini mama mkwe alisimama katikati ya chumba, shingo juu, paka kifuani.

"Samahanini," akasema, kwa sauti ambayo hakuna mtu wa nyumba yake aliyewahi kuisikia. "Mnamwona huyu mwenye unga puani? Ni mkwe wangu. Paka huyu alimharibu yeye mwenyewe, kwa maji, mchana kweupe. Nilipomuuliza, akaniambia usoni kwamba ni yeye. Halafu akakaa chini siku kumi na moja, akamfungua fundo baada ya fundo. Na kila paka aliposema basi, aliacha. Kila mara."

Watu wote wakamgeukia Vidole. Hata kasuku.

Vidole akajipangusa pua kwa kiganja. Machozi yakamchora mistari kwenye unga.

"Haya," mama akasema, akimnyoosha Mheshimiwa mbele ya watu, manyoya yakianguka pande zote mbili za mikono yake iliyovimba. "Mshikeni. Mmoja mmoja, taratibu. Mshikeni muone kazi ya mwanangu."

Na watu, nakuambia, wakapanga foleni.